Vitu vya urithi vinaharibiwa na mikono inayovipenda

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie vitu vya urithi vilivyomo majumbani: kitambaa cha meza alichofuma bibi kwa kroshia, shali ya harusi, sanduku la mbao la babu, bangili ya fedha, saa ya ukutani, barua, picha, pamoja na zawadi za kazi ya mikono ambazo mtu hukesha akizishona kwa ajili ya mtoto anayetarajiwa. Kurasa za mambo ya nyumbani hazichoki kufundisha namna ya kuving'arisha vitu hivi. Namna ya kuvidumisha haisemwi. Sisi wa kazi ya ukarabati linatuuma, kwa sababu uharibifu mwingi unaofika mezani kwa fundi haukutokana na uzembe. Umeletwa na mtu aliyekipenda kitu, akakisugua, akakipaka mafuta, akakitia gundi, akakifunga kwenye nailoni, akiamini anakitunza.

Chukua mfano wa kulaminate. Mtu ana barua ya mkono ya marehemu mama yake, anaona inachakaa, anaipeleka ikavalishwe plastiki. Mashine ile inabana karatasi kwa joto linalozidi nyuzi 100 za Selsiasi, na gundi iliyomo kwenye plastiki inayeyuka na kuingia ndani ya nyuzi za karatasi. Kuanzia hapo karatasi na plastiki ni kitu kimoja. Asidi iliyokuwa ndani ya karatasi imefungiwa humohumo, na siku plastiki ikianza kufunguka pembeni, inabandua maandishi. Hakuna fundi anayeweza kuitoa bila kuijeruhi barua.

Barua hiyo ilihitaji mambo machache tu. Ikunjuliwe na ilazwe bapa. Itolewe pini na vibanio vyote vya chuma, maana kutu yake hula karatasi. Iwekwe ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, au katikati ya kurasa mbili za plastiki angavu ya polyesta zisizogundishwa. Ikichanika, isiguswe na selotepu: gundi yake hugeuka njano, huzama kwenye karatasi, kisha utepe wenyewe hudondoka na kuacha doa lisilotoka. Mafundi wa karatasi huziba mpasuko kwa kipande chembamba cha karatasi ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwa sababu uji huo ukilowanishwa kidogo huachia. Hapo ndipo penye kanuni yetu kubwa: lolote unalolifanya kwenye kitu cha urithi, mtu wa kesho aweze kulitengua.

Nianze na mwanga, kwa kuwa wengi hawauhesabu kuwa adui. Nguo, karatasi na picha hupauka kwa mwanga, na hasara hiyo hujumlishwa siku hadi siku. Rangi iliyotoweka hairudi. Kitu kikiwekwa gizani hakiponi, kinaacha tu kuendelea kuumia. Majumba ya makumbusho huweka nguo na karatasi kwenye mwanga wa kiasi cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), yaani chumba chenye nuru hafifu ambamo macho huhitaji muda kidogo kuzoea. Jua la adhuhuri hufika luksi 100,000. Piga hesabu: saa 1 juani ni sawa na saa 2,000 za mwanga wa makumbusho, ambazo ni siku 250 za saa 8 kila siku. Ndiyo maana blanketi la viraka lililoanikwa juani "lipate hewa" hurudi ndani limezeeka. Kioo cha dirisha hakikuokoi, kwa sababu huzuia sehemu tu ya miale ya urujuanimno, na hata mwanga wa kawaida unaobaki hupausha. Tundika kitu kwenye ukuta ambao jua haliufikii saa yoyote ya siku, kisha ukipe zamu: miezi 3 ukutani, miezi 9 sandukuni, kingine kichukue nafasi yake.

Blanketi au zulia dogo likitundikwa lisipigiliwe misumari wala kubanwa vibanio kwenye pembe, maana uzito wote utaning'inia kwenye nyuzi chache na zitakatika. Shonea mgongoni, upande wa juu, mfereji wa kitambaa cha pamba wenye upana wa sentimita 10 hivi, mishono ishike bitana, kisha pitisha ufito uliofunikwa. Uzito utagawanyika upana mzima.

Sasa kufua, jambo linaloharibu nguo nyingi kuliko nondo. Swali la kwanza ni kama kitu kifuliwe kabisa. Hariri ya zamani inayotoa sauti ya kukwaruza ukiishika, hasa ya kati ya miaka ya 1870 na 1930, mara nyingi ilitiwa chumvi za madini kama bati ili iwe nzito. Chumvi hizo huila hariri kutoka ndani, na utaiona imepasuka mistari mistari kana kwamba imekatwa kwa wembe. Hiyo usiitie maji. Hali kadhalika nguo yenye nyuzi za madini, shanga zilizogundishwa, michoro ya rangi, au vitambaa vyeusi na vya kahawia vya kale vinavyomomonyoka ukivigusa.

Kitambaa cha pamba au kitani, hasa cheupe, kinafulika nyumbani kwa mtu mwenye subira. Kwanza kitolewe vumbi kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi likilowa hugeuka tope ndani ya uzi. Tandaza wavu laini juu yake, weka mashine ya kufyonza vumbi kwenye nguvu ya chini kabisa, pitisha mdomo wake juu ya wavu bila kusugua. Kisha jaribu rangi. Lowesha kijiti cha pamba kwenye maji ya sabuni utakayoitumia, kikandamize dakika 1 juu ya kila rangi, na usisahau nyuzi za darizi za upande wa nyuma. Nyekundu, buluu na nyeusi ndizo zenye tabia ya kuchuja. Pamba ikitoka na rangi hata kidogo, acha, kitu hicho ni cha fundi.

Kikifaulu, tandika wavu ndani ya beseni pana, kitu kilale juu yake bila kukunjwa, ndipo umimine maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi joto 30. Sabuni iwe ya maji, isiyo na rangi, manukato wala dawa ya kung'arisha, kijiko 1 cha chai kwa lita 5. Gandamiza kwa kiganja au sponji, kusudi maji yapenye na kutoka. Kusugua, kufikicha na kukamua marufuku. Maji yakigeuka ya njano ni dalili njema, kwani pamoja na uchafu yanaondoa asidi inayozalishwa na pamba yenyewe inapochakaa. Yamwage, tia mengine. Jumla ya muda majini isizidi saa 1 hivi. Suuza mara 4 au 5, hadi povu liishe kabisa, maana sabuni iliyobaki ndani ndiyo hurudisha manjano. Maji ya mwisho yakiwa yaliyokenekwa, bora zaidi, kwani maji ya bomba yana chuma na chokaa.

Kosa kubwa hutokea wakati wa kutoa. Watu hushika pembe moja na kuinua. Kitambaa kilicholowa kimebeba maji mengi kuliko uzito wake, na nyuzi za reyoni zikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Pamba mpya huwa imara zaidi ikilowa, lakini pamba ya miaka mingi imeshakatika ndani, usiiamini. Inua wavu kwa mikono miwili, kitu kikiwa kimelala juu yake. Kiweke juu ya taulo jeupe, kinyooshe kwa vidole, kroshia ishikizwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu kwenye kila ncha ya ua, kisha kikauke kivulini penye upepo. Usipige pasi kama kuna doa lililobaki, kwani joto hulifunga. Usitie wanga kitu kinachokwenda kuhifadhiwa, kwa sababu wanga ni chakula cha wadudu, na hukakamaza mikunjo hadi uzi unavunjika. Doa la kutu lisiwekewe kabisa maji ya klorini, yale ya kutakasia mashuka meupe: doa hukolea zaidi na uzi unaolizunguka huungua. Tundu huonekana baadaye, na mwenye nyumba huwashuku panya.

Sufu ina sheria zake. Unyoya wake una magamba madogo. Maji ya moto, kusuguliwa, na kuhamishwa ghafla kutoka kwenye moto hadi baridi huyafanya yashikane, kitu kinasinyaa na kuwa kama feliti, kile kitambaa kizito cha nyuzi zilizogandamana. Hali hiyo haitenguki, iwe kwa dawa au kwa kuvuta. Maji ya kufulia na ya kusuuzia yawe na joto lilelile, na sweta lisianikwe kwa kuning'inizwa, litarefuka hadi magotini.

Kuhifadhi nako kuna hila. Kila mkunjo ni mahali ambapo nyuzi zinavunjwa polepole. Kwa hiyo viringisha kitambaa bapa kwenye mwanzi wa karatasi ngumu wenye kipenyo cha sentimita 8 hadi 10, uliofunikwa kwa karatasi isiyo na asidi, upande wenye nakshi ukitazama nje. Nguo isiyoviringishika, kama gauni, ijazwe karatasi laini iliyofinyangwa kama soseji ndani ya kila mkunjo, na mara 1 kwa mwaka ifunguliwe na kukunjwa mahali pengine. Gazeti, samahani Mhariri, halifai hata kidogo: limetengenezwa kwa rojo la mbao lenye lignini, kiambato cha mbao kinachozalisha asidi, nalo huwa njano na kuambukiza asidi kile kilichofungwa ndani yake. Mbao tupu za sanduku nazo hutoa mvuke wa asidi, ndiyo maana kitambaa kilicholala juu ya ubao kwa miaka huwa na alama ya kahawia yenye umbo la ubao huo. Tandika ndani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, na chini yake karatasi ya alumini kama kizuizi.

Mifuko ya plastiki laini ya PVC, ile yenye harufu kali ikiwa mpya, hutoa asidi ya hidrokloriki na mafuta yanayonata kwenye nguo na picha. Polithini na polipropilini hazina kosa hilo, ila zinafungia unyevu. Unyevunyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hadi 70, ukungu huota. Kipima unyevu kidogo cha kuweka kabatini kina faida kuliko dawa zote za harufu. Lenga asilimia 45 hadi 55, na kitu kisisimame ukutani kabisa, pawe na nafasi ya hewa nyuma yake.

Nondo wanaokula nguo si wale wakubwa wanaozunguka taa. Ni wadogo, rangi ya dhahabu iliyofifia, wanaokimbia mwanga, na si wao wenyewe walao bali viwavi wao. Viwavi hao hula sufu, hariri, manyoya na nywele. Pamba safi hawaishughulikii, ila ikiwa na jasho au chakula wataitoboa. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nondo ni kuhifadhi kitu kikiwa safi. Majani yenye harufu na vipande vya mwerezi havitoshi kuwaua.

Kuhusu naftalini naomba nisikilizwe vizuri, maana hapa pana uhai wa watoto. Mvuke wake huingia kwenye nguo, na mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi ambayo wazazi huenda hawaijui, anaweza kuvunjikavunjika chembe nyekundu za damu kwa kuvalishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na vidonge hivyo. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka naftalini katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa kwa ajili ya kizazi kijacho zisikutane na vidonge hivyo.

Njia salama ni friza. Kitu kikavu, kilichofungwa kwa karatasi laini, kiingie kwenye mfuko wa polithini, hewa ikamuliwe, mfuko uzibwe. Kikae kwenye nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki 2 kamili. Kikitolewa, mfuko usifunguliwe kwa saa 24, ili matone ya maji yatokee nje ya plastiki na si juu ya kitambaa. Mayai na viwavi wote hufa. Isipokuwa vitu vya kuchorwa kwa rangi ya mafuta, vya pembe za wanyama, na vyenye shanga za kioo, hivyo visigandishwe.

Picha. Zile albamu zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, ndizo zinazoua picha nyingi: gundi hugeuka njano na kushika kama saruji. Usivute picha kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno taratibu kati ya picha na ukurasa kama msumeno, na ikigoma kabisa, iache hapo na uipige nakala ikiwa ndani. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu nayo isibanduliwe. Skani ukipitia kioo chenyewe. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, ikiwa imelala juu ya kitu kigumu, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kujitokeza usoni mwa mtu. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1970 hugeuka nyekundu hata zikiwa gizani, kwa hiyo hizo ndizo za kuanza kuskani: nukta 600 kwa inchi, nakala 3, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba. Nakala iliyo kwenye simu peke yake haihesabiki. Ukutani tundika nakala, asili ilale gizani. Picha zikilowa kwa mafuriko au bomba kupasuka, una kama saa 48 kabla ya ukungu. Zisuuze kwa maji safi baridi, zitandaze uso juu bila kugusana, na zikiwa nyingi mno zifungwe kwenye nailoni na kugandishwa hadi upate nafasi.

Vyombo na mapambo ya fedha huwa meusi kwa gesi ya salfa iliyo hewani, na chanzo kikubwa ndani ya nyumba ni mpira, sufu na mayai. Ukifunga vijiko kwa rababendi, utaikuta alama yake imechoreka juu ya fedha. Kila unapong'arisha unaondoa ngozi ya fedha, na chombo kilichopakwa fedha juu ya madini mengine kina utando mwembamba kuliko unywele. Baada ya miaka ya kusuguliwa, shaba hutokeza kwenye mabega na kingo. Dawa za kuchovya ni mbaya zaidi: zina asidi, hula mashimo madogo, na huondoa hata weusi uliowekwa makusudi na sonara ndani ya nakshi. Mbinu ya magadi na karatasi ya alumini kwenye maji ya moto hufanya kazi kweli, lakini nayo hufuta weusi wa nakshi, na maji huingia kwenye visu vyenye mipini ya gundi. Kwa chombo kinachothaminiwa, tengeneza uji wa unga laini wa kalsiamu kaboneti na maji, sugua kwa pamba bila nguvu, suuza, kausha kabisa. Mara 1 kwa miaka kadhaa inatosha ukikihifadhi ndani ya mfuko wa pamba uliozibwa ndani ya polithini.

Shaba isipakwe ndimu na chumvi. Inang'aa siku hiyo, ndiyo, lakini chumvi hujificha kwenye vinyweleo na nakshi, kisha wiki chache baadaye huchomoza unga wa kijani unaoendelea kula madini. Lulu ni dhaifu kuliko zote: siki, jasho na manukato hula uso wake. Ivaliwe mwisho baada ya manukato, ivuliwe kwanza, ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na uzi wake wa hariri ukilegea ushonwe upya wenye fundo kati ya punje na punje, ili ukikatika itoke moja tu.

Samani za mbao zimeteswa na mafuta. Mafuta ya kitani hayakauki sawasawa, huvuta vumbi, hufanya weusi unaonata, na matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa hupata moto yenyewe, hivyo yatandazwe nje yakauke au yazamishwe kwenye maji. Vipulizi vyenye silikoni vinang'arisha kwa dakika, lakini silikoni huingia kwenye mbao, na vanishi yoyote itakayopakwa siku za mbele itakataa kushika. Nta ya nyuki inatosha. Yeyusha gramu 100 ndani ya kopo lililosimama kwenye sufuria ya maji ya moto, ipue, iondoe mbali kabisa na moto, ndipo utie mililita 250 za tapentaini na kukoroga hadi ipoe. Tapentaini hutoa mvuke unaoshika moto kwa joto dogo, kwa hiyo isikaribie jiko hata kidogo. Paka kiasi kama cha siagi iliyokwanguliwa, subiri dakika 20, pangusa kwa nguvu. Mara 1 kwa mwaka, si zaidi.

Duara jeupe la kikombe ni unyevu uliokwama ndani ya vanishi, na huondoka. Duara jeusi ni maji yaliyofika kwenye mbao na kukutana na chuma na tanini (asidi ya asili iliyomo kwenye mbao), na hilo ni la fundi. Ubao hutanuka na kusinyaa upande wa upana wake, si urefu, kwa hiyo ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika usijazwe gundi ngumu, ubao utapasuka pembeni yake. Kiungo kilicholegea cha kiti cha kale kilishikwa na gundi ya ngozi, inayoachia kwa maji ya uvuguvugu. Ukitia epoksi, gundi ngumu isiyoachia kwa maji, juu yake, umefunga mlango kwa fundi atakayekuja. Vitundu vidogo vya mviringo si lazima viwe na bungua ndani: weka karatasi nyeusi chini yake kwa wiki kadhaa, na ikiwa unga mpya unadondoka, basi wamo.

Vyombo vya udongo vibebwe kutoka chini kwa mikono miwili, kamwe si kwa mkono wa birika, kwani pengine ulishaunganishwa zamani. Vikioshwa, kimoja kimoja, kwenye beseni lenye taulo chini. Vigae vyote vitunzwe, hata kile kidogo kama punje ya mchele. Vikapu navyo hushikwa chini. Saa ya ukutani yenye timazi isihamishwe timazi ikiwa imeninginia, na saa inayogonga mishale yake isirudishwe nyuma. Saa za mkononi za kabla ya miaka ya 1970 zenye namba zinazowaka gizani zisifunguliwe nyumbani, kwani baadhi zilipakwa radiamu, madini yenye mnururisho hatari.

Kuna urithi wa watoto ambao heshima yake ni kuuangalia tu. Kitanda cha kale ambacho nafasi kati ya vijiti inazidi sentimita 6 kinaweza kupitisha kiwiliwili cha mtoto na kukwamisha kichwa. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, hivyo usiipige msasa nyumbani.

Kwa wanaoshona na kufuma zawadi leo: macho ya mdoli wa mtoto wa chini ya miaka 3 yadariziwe kwa uzi, vifungo hung'oka na kumezwa. Mfumo wa blanketi la mtoto mchanga uwe wa matundu madogo, kwani vidole hunasa kwenye makubwa, na lisiwekwe kitandani anapolala bila mtu wa kumwangalia. Fua kwanza kipande cha majaribio chenye sentimita 15 kila upande, upime kabla na baada. Acha mkia wa uzi wa sentimita 12 kila unapokata, uufiche kwa kuupitisha pande mbili tofauti, la sivyo utafumuka baada ya kufuliwa mara tatu. Ambatanisha kifurushi chenye mita chache za uzi uleule na kifungo 1 cha akiba, maana rangi ileile haitapatikana tena dukani miaka 20 ijayo.

Mwisho nina ombi moja, Mhariri. Kitu kisicho na maelezo huwa takataka kizazi cha tatu, hata kingekuwa kizima kiasi gani, kwa sababu anayekirithi hajui ni cha nani. Gazeti lako lichapishe kadi ndogo ambayo msomaji ataikata na kuijaza kwa penseli: nani alikitengeneza, lini na wapi, kwa malighafi gani, kwa ajili ya nani na tukio gani, kimepitia mikono ya nani, kimewahi kufuliwa au kukarabatiwa kwa kitu gani, na nani anapaswa kukipokea baadaye. Kadi iwekwe pamoja na kitu, isigundishwe. Kwa nguo, andika jina na mwaka kwenye utepe wa pamba kwa kalamu ya wino usiofutika, acha ukauke, ufue peke yake uone kama unachuja, ndipo uushonee kwenye pindo kwa mishono minne tu, ambayo mtu anaweza kuikata bila kugusa kitambaa.

Fundi wa ukarabati wa nguo na samani za kale